Daktari wa Miti wa Uzunguni

Mume wangu Kepher Ojwang aliitwa Daktari, na hakuwahi kutibu hata kuku. Alitibu miti. Cheka tu ukitaka, hata mimi nilicheka siku aliponiambia kwamba Wazungu wa Kericho wamemwandika kazi ya kuangalia miti yao mizee isife. Nilimwuliza kama miti hiyo haina watoto wa kuiangalia. Kwetu ziwani mti ukizeeka ni kuni, na wanawake huugawana kabla haujalala chini vizuri. Lakini Kepher hakupenda mzaha wa kazi. Alivaa koti lake la kaki, akachukua nyundo na patasi, akaenda zake.

Mimi ni Adoyo, mama Celine. Nimeamua kumsimulia mume wangu kwa sababu watu waliomjua Kericho wamegawanyika. Kuna wanaosema alikuwa mtu mwema kupita kiasi, na kuna wanaosema alimfukuza mjane wa watu mahali pake pa kujipatia riziki. Wote wanasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Tulifika Kericho wakati chai ilikuwa bado mpya, vichaka vyake havijapita magoti. Kepher alikuwa fundi mwashi aliyefundishwa na wamisheni, akaja na wenzake kujenga kiwanda. Kiwanda kilipokwisha, wenzake wengine walirudi nyumbani, wengine wakaenda Sotik kwa masetla. Yeye alibaki kwa ajili ya miti.

Uzunguni wakati huo palikuwa safu ya nyumba kwenye mteremko juu ya soko. Msitu ulipofyekwa, mabibi wa Kizungu walisema miti michache mikubwa iachwe kwa kivuli. Ikaachwa. Halafu wakaja watu wa kuchimba mitaro, wakaja wa barabara, wakaja wa mabomba ya maji, na kila aliyekuja alikata mizizi kidogo. Mti mkubwa hauanguki siku unapokatwa mizizi. Unasimama tu, unaanza kukauka kileleni, tawi linadondoka na kuacha shimo, maji yanaingia shimoni, na tumbo la mti linaoza polepole huku nje unaonekana mzima.

Mkubwa wa kamati ya mji alikuwa Mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Mwavuli. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingi mvua ya mawe, na yeye hakutoka mlangoni bila mwavuli hata asubuhi ya jua kali. Ndiye aliyeleta dawa ya miti kutoka kwao. Shimo la mti, alisema, ni kama shimo la jino. Unachokoa ubovu wote mpaka ufike kwenye mti mzima, unapaka lami, kisha unaziba kwa saruji na kulainisha kwa mwiko ili maji yasiingie tena. Ndiyo maana alitaka mwashi.

Kepher aliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Alizunguka na ngazi yake akigonga kila mti kwa nyundo na kusikiliza, na jioni alinipa habari kama mtu aliyetoka kutazama wagonjwa. Mti wa podo wa nyumba ya juu una nafuu. Mkuyu wa kwa hakimu umetoa majani mapya. Nilimwambia mimi pia nina mgongo unaouma, basi anigonge na mimi asikilize.

Pale barabara ya Uzunguni inapoanza kuteremka kwenda sokoni palikuwa na tendwet, mti wa msituni ambao Wakipsigis huchemsha gome lake kuwa dawa ya tumbo. Ulikuwa mkubwa kuliko yote. Chini yake alikaa Yunia akiuza uji.

Yunia alikuwa Mkisii, mjane wa Mogaka, mchuma chai aliyekufa kwa homa. Mguu wake mmoja ulikuwa umeungua utotoni ukakakamaa, kwa hiyo kazi ya kuchuma chai hakuiweza. Nyumbani kwao shemeji yake Gekara alikuwa akimngoja. Alitaka kumrithi Yunia, na shamba la Mogaka pamoja naye. Yunia hakumtaka, alisema wazi kwamba afadhali alale na njaa. Kamati haikuruhusu mtu yeyote kuuza kitu Uzunguni, lakini bibi mmoja wa Kizungu alimwombea, akapewa ruhusa ya kuuza uji kwa wapishi na watu wa bustani, chini ya tendwet na si mahali pengine. Kwa hiyo mti ule ndio uliokuwa maisha yake. Akiwa nao alikuwa mtu huru. Bila huo alikuwa wa Gekara. Hakuna ambaye hakulijua hilo.

Mwaka ule nzige walipokula mahindi yote, tawi kubwa la tendwet lilikatika likaacha shimo la kuingia kichwa cha ng'ombe. Bwana Mwavuli alimwagiza Kepher autibu. Akamwambia pia kwamba fundi atakayeponya mti kama ule anastahili nyumba ya mawe iliyo nyuma ya ofisi. Sisi tulikuwa tunaishi katika kibanda cha nyasi kinachovuja kila alasiri ya Mungu, na Celine wetu alikuwa anakohoa mpaka analala ameketi.

Kepher alipanda ngazi akaanza kuchokoa. Ubovu ulitoka laini kama ugoro uliolowa. Alichokoa mpaka mkono ukaingia wote hadi begani, akafunga patasi kwenye fito ndefu akaendelea kuchokoa, na mti mzima hakuufikia. Haukuwapo. Alijua vizuri la kufanya. Ilikuwa ashuke, aende ofisini, aseme mti huu hauponi tena, ukatwe. Badala yake alishindilia mawe ndani, akamimina saruji juu yake, akalainisha, akapaka lami, akarudi nyumbani na kusema amechoka.

Bwana Mwavuli alipokuja kukagua alikigonga kile kizibo kwa ncha ya mwavuli wake, kikalia kigumu. Akampa Kepher mkono mbele ya watu. Tukahamia nyumba ya mawe yenye paa la mabati, na Celine akaacha kukohoa. Watu wa sokoni wakaanza kumwita mume wangu Daktari, na mimi nikaanza kutembea kama mke wa daktari, nisikudanganye. Sikujua lolote. Nilimwona tu ameingia nyumba mpya akiwa na uso wa mtu aliyehamishiwa jela.

Kitu cha kwanza nilichoona kimebadilika ni sala. Kepher alikuwa mtu wa sala ndefu. Aliombea jamaa, akaombea jirani, akaombea watawala wa mbali asiowajua hata majina, na mboga zikapoa tukimngoja. Sasa akawa anasema, Baba asante amina, mkono uko tayari kwenye ugali. Mimi nilidhani amepata akili, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Cha pili ni kwamba alianza kumwandama Yunia. Kwanza alimwambia kuna siafu wanakuja, ahame. Yunia akatazama chini, hakuona hata mmoja. Kisha akamwambia moshi wa kuni unaua majani ya mti. Yunia akahamisha mafiga kidogo na kumshukuru kwa kumweleza vizuri. Halafu alasiri moja, mawingu yamejaa, Kepher akafika mbio, akachukua ndoo ya maji ya Yunia na kuimwaga motoni. Majivu yakaruka yakaingia kwenye uji. Watu waliona, Yunia akalia.

Zacheus Mureithi, mwenye duka kutoka upande wa Nyeri na mzee wa kanisa letu, alikuja nyumbani kwetu kulizungumza. Alisema kwa upole, kama kawaida yake, kwamba mtu akipewa nyumba ya mawe si sababu ya kumnyanyasa mwenye chungu. Nilimngoja Kepher ajitetee. Alitazama sakafu, akasema ni kweli, amekosa, hatarudia. Nilikasirika vibaya, maana mtu asipojieleza watu humweleza wao. Na walimweleza! Walisema alikuwa amemtaka yule mjane akakataliwa, ndiyo maana akamwaga maji.

Baada ya hapo akageuka. Ikawa kila alasiri mawingu yakikusanyika upande wa msitu wa Mau, Kepher anaacha kazi anayofanya, anashuka kwa Yunia, ananunua uji wote uliobaki chunguni na kumwambia aende nyumbani akapumzike. Yunia anajitwika chungu anateremka sokoni alikopanga chumba. Uji ule Kepher aliwapa wafungwa waliokuwa wakichimba mtaro wa barabara, yeye mwenyewe haonji hata tone. Lakini hilo la wafungwa sikuambiwa. Niliyoambiwa na Wahu, mke wa Zacheus, tukiwa bombani tunangojea maji, ni kwamba Daktari siku hizi hawezi kupitisha siku bila uji wa Yunia. Alilisema huku akitazama pembeni, na wanawake wote wakatazama pembeni naye. Mimi nilikuwa nimeshaona mshahara unafika nyumbani umekonda. Debe nililiacha pale pale bombani.

Nilipanda mpaka kwenye tendwet nikiwa nimejiandaa kwa maneno yote ya lugha yangu na mengine ya Kikisii niliyojifunza sokoni. Yunia aliponiona aliinuka na mguu wake ule, akanifutia gogo nikae. Nikamwuliza ana nini na mume wangu. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kwamba wateja wengine huja kwa sababu wana njaa, lakini Baba Celine huja kwa sababu ya uji wenyewe. Mwanzoni alimwona mtu mbaya, lakini sasa ameelewa kwamba ni mtu mgumu wa kusema, na ile siku ya maji labda alikuwa na taabu zake. Kwa ajili yake alikuwa ameanza kusaga wimbi mara mbili na kuuchachusha uji kwa muda zaidi. Alikuwa amenunua chungu kikubwa. Alisema kwamba tangu Mogaka afe hakuna mtu aliyesifu chochote alichokipika, na ingawa Baba Celine hasemi, mtu anayenunua chungu kizima kila siku amekwisha kusema. Nilikwenda kugombana, nikarudi nimebeba kibuyu cha uji. Haki, sijawahi kujiona mjinga kiasi kile.

Kepher alipoingia nilimwekea kibuyu mezani. Nikamwambia achague, aseme mwenyewe au niende kuwaita wazee wa kanisa waje wamsaidie kusema. Alikaa. Alikisogeza kile kibuyu kando.

"Simtaki Yunia," akasema. "Namtoa pale kabla ya mvua. Ule mti ni ganda tupu, Mama Celine. Hakuna kitu ndani ila mawe niliyotia mimi."

Kisha akanieleza yote niliyokwisha kukueleza. Alisema mti umeinamia upande ule ule anaoketi Yunia, na siku utakapopata upepo wa mvua kamili utakuja chini wote. Akisema ukweli, mti utakatwa, ruhusa ya Yunia itakufa nao, na Gekara yuko tayari. Sisi nasi tutarudi kwenye nyasi, na kifua cha Celine kitarudi kukohoa. Asiposema, siku moja atamkuta Yunia chini ya mti. Alikuwa amezunguka humo tangu mwaka wa nzige, hana pa kutokea.

"Kila asubuhi nikiuona bado umesimama nafurahi," akasema. "Halafu naona haya kwamba nimefurahi."

Niliona huruma, kisha nikaona hasira, kisha vikachanganyika nisijue kipi ni kipi. Nilimwuliza siku atakayougua yeye nani atanunua uji. Nikamwambia nyumba ya mawe niliipenda, naam, lakini sikuolewa na nyumba, na kesho aende akamwambie Bwana Mwavuli. Akasema ataenda Jumatatu, Bwana akiwa na moyo mzuri. Mwoga siku zote ana Jumatatu yake.

Na Jumatatu hiyo Bwana akamtuma Sotik kwa lori kutazama miti ya setla mmoja rafiki yake. Alasiri mvua ya mawe ikashuka, mabati yetu yakalia hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Kepher alirudi jioni amelowa chapa, uso umesawijika, maana njia nzima alikuwa akiona mawingu mbele yake. Hajavua hata koti, Yunia akabisha hodi. Alikuwa mzima. Alikuwa anacheka. Tawi la tendwet lilikuwa limeanguka juu ya mafiga na kuvunja chungu kipya vipande vipande, na yeye wakati huo alikuwa amevuka barabara kumpelekea mpishi mmoja kikombe chake. Mungu ananipenda, alisema. Halafu akamgeukia mume wangu, akamwambia lililomleta.

"Daktari, mti wako umevunjika mkono. Njoo kesho uutibu. Sina pesa ya kukulipa, lakini nitaazima chungu nikupikie uji wako."

Kepher alisema, ndiyo, mama, nitakuja. Yunia alipotoka, mume wangu alikaa chini sakafuni na koti lake linalochuruzika maji, akalia. Sikumbembeleza. Nilimletea nguo kavu tu.

Asubuhi alikwenda ofisini kabla Bwana hajamaliza chai yake. Alisimama kwenye veranda akasema yote kwa Kiswahili rahisi, asije Bwana akasema hakuelewa. Bwana Mwavuli alisikiliza, akacheka. Alidhani Kepher anatafuta nyongeza ya mshahara, au ameogopa kazi ya kupanda juu baada ya tawi kuanguka. Akatembea naye mpaka kwenye tendwet, akakigonga kile kizibo kwa mwavuli. Kikalia kigumu kama siku ya kwanza.

"Daktari, wewe iko wazimu?" akasema. "Hii mti iko mzima sana. Wewe mwenyewe natengeneza."

Mimi nilikuwa nimewafuata, nimesimama kando ya barabara pamoja na wapishi na watu wa bustani waliokuja kunywa uji wa asubuhi. Yunia alikuwa amekaa mahali pake, chungu cha kuazima kiko motoni. Niliona Kepher akimtazama yeye, halafu Bwana, halafu mti. Nilijua sasa ana ruhusa ya kunyamaza. Amekiri, hakuaminiwa, nani angemlaumu tena? Angeweza kurudi nyumbani kwetu kwenye mabati. Kusema kweli moyo wangu uliomba hivyo kidogo.

Akapanda ngazi. Akainua nyundo, akaipiga ile saruji yake mwenyewe. Alikuwa ameilainisha vizuri, haikukubali upesi. Alipiga mpaka ikapasuka, na mawe yakaanza kutoka, yakidunda barabarani, na baada ya mawe yakaja maji meusi yenye harufu ya kaburi, yakaja mengi, hayakomi. Watu wakarudi nyuma. Kepher akaingiza fito ndefu shimoni, ikazama yote, akaiachia, tukaisikia ikianguka ndani ya mti mpaka chini.

Bwana Mwavuli hakupiga kelele. Aliomba kipande cha mume wangu, kile cheti cha kazi, akakitia sahihi hapo hapo, akaandika kwamba kazi imekwisha, na akasema nyumba iwe wazi kabla ya mwisho wa wiki. Kisha akaagiza watu wa misumeno.

Yunia alikuwa bado amekaa. Alikuwa ameondoa chungu motoni, hakuna aliyemwambia. Kepher aliposhuka alisimama mbele yake na vumbi la saruji usoni.

"Ulijua tangu lini, Baba Celine?"

"Tangu mwaka wa nzige."

"Na uji?"

Kepher akaiweka nyundo chini.

"Mimi nilidhani ni mtamu," Yunia akasema.

Watu waliokuwa wanangoja matusi walikosa matusi. Aliinuka, akakusanya vikombe vyake vya bati kimoja kimoja, akavipangusa majivu. Kepher alisema anaomba msamaha, kwamba hata mimi aliniambia juzijuzi tu, kwamba alikuwa akitafuta njia ya kumwokoa bila kumharibia mahali pake. Yunia akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia mke wako," akasema. "Umemwambia Bwana. Aliyekaa chini ya mti ni mimi, na mimi ndiye hukuniambia. Ungeniambia, ningechagua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu ameumia kweli. Miaka yote hiyo alijihesabia dhambi ya saruji na ya uongo na ya nyumba. Hiyo nyingine, kwamba alimhamisha mtu mzima huku na huku kama mbuzi asiyeambiwa kitu, hakuwa ameifikiria hata mara moja. Wala mimi, na ndiyo maana sikuweza kumtetea.

Tendwet ulikatwa. Zacheus alikwenda mwenyewe ofisini kumwombea Yunia mahali pengine, hata nyuma ya duka lake, lakini kamati ikasema ruhusa ilikuwa ya mti ule, na mti ule haupo. Haukupita muda Gekara akatokea sokoni na punda. Yunia alipanda njia ya Sotik nyuma ya punda huyo na mguu wake mgumu, na hakuaga mtu isipokuwa Wahu.

Sisi tulihamia upande wa Kiptere. Kepher akarudi kwenye uashi, akijenga maduka ya watu. Celine alikohoa msimu mmoja wa mvua kisha akazoea. Mume wangu hakugusa tena mti wa mtu, na akikutana na aliyemwita Daktari aliomba aitwe jina lake. Alikuwa akiuliza habari kwa kila mtu aliyetoka Chepilat, mpakani mwa Kisii, au Sotik na mzigo kichwani. Walimwambia Yunia yupo, yuko kwa Gekara. Yupo namna gani hakuna aliyejua kusema.

Halafu akapata kazi ya kujenga duka Chepilat, nami nikamfuata siku ya soko kununua ndizi. Tulimwona Yunia kabla hajatuona. Alikuwa pembeni ya barabara na chungu chake, amekonda, na Gekara ameketi kwenye kigoda karibu naye akipokea senti za kila mteja na kuzitia mfukoni mwake. Hakuna senti iliyopita mkononi mwa Yunia. Kepher aliliona hilo, akasimama kwanza, nikadhani atageuka. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye chungu, akasema, mama, nauomba wote.

Yunia akainua uso. Alimtambua, nina hakika. Gekara alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kupokea pesa.

"Kikombe kimoja kwa mtu mmoja," Yunia akasema.

Gekara akamkemea kwa Kikisii. Yunia akachota kikombe kimoja, akampa mume wangu, akamtazama mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Kepher akalipa. Akanywa akiwa amesimama kando kama watu wengine, polepole, mpaka chini, akarudisha kikombe na kuondoka.

Tulipokaribia mto nilimwuliza, kwa sababu mimi siwezi kukaa na swali, kama ule uji ni mtamu kweli au Yunia alikuwa anajisifu tu. Alisimama katikati ya njia.

"Ni mtamu," akasema. "Ni mtamu sana. Ndiyo mara ya kwanza nimeunywa."

"Umemwambia?"

Akatikisa kichwa. Nikampokonya mfuko wake wa vyombo vya uashi, nikauweka chini kwenye nyasi, nikamwambia arudi. Alisema Gekara yupo pale, watu wapo, mvua inakuja. Nikamwambia najua. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka. Akarudi.